Al-Farabi: Mwalimu wa Pili aliyeupima udi kwa hesabu na kwa sikio

Ukimwambia mzee wa mtaani kwetu kwamba mtu aweza kwenda chuo kikuu, akamaliza shahada ya kwanza, kisha akarudi darasani miaka mingine kusomea muziki na muziki tu, atakutazama mara mbili. Kwake yeye muziki ni jambo la mkono na koo. Mpiga udi hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa mpiga udi, na mwimbaji huzaliwa na sauti yake. Na ukizidi kumwambia kwamba mwanafunzi huyo hashindi na ala bali hushinda mbele ya kompyuta, akipima mawimbi ya sauti na kuandika hesabu, basi atakwambia kuwa dunia imekwisha. Lakini mambo hayo yapo. Huko Stanford, Marekani, kuna kituo cha chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1975 ambamo mtunzi wa muziki na fundi wa mitambo hukaa meza moja, na wanafunzi wake husoma hadi daraja ya udaktari. Hata hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada za juu za muziki.

Fikira yenyewe, hata hivyo, si ya jana, wala si ya Marekani. Kwamba muziki ni elimu ya kukaliwa kitako. Kwamba ndani yake mna hesabu, na mna ufundi wa ala. Na kwamba mwenye kuitaka hasa hana budi awe amekwisha kusoma elimu nyingine kabla yake: hayo yalikwisha kuandikwa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Aliyeyaandika ni mtu ambaye jina lake sisi Waislamu twalisikia likitajwa katika safu ya wanafalsafa, tukalipita kama mtu apitavyo mlango wa nyumba asiyomjua mwenyewe. Huyo ni Abu Nasr Muhammad al-Farabi.

Alizaliwa karibu na mwaka 870, yaani yapata mwaka 257 wa Hijria. Waandishi wengi wa tarehe wasema alizaliwa katika wilaya ya Farab kando ya mto Sir Darya, ardhi ambayo leo imo katika nchi ya Kazakhstan, na huko mji wa Almaty kuna chuo kikuu cha taifa kilichopewa jina lake. Kabila lake limegombaniwa sana. Waturuki wamdai, Waajemi wamdai, na kila upande una hoja zake. Mimi sioni faida ya ugomvi huo. Lugha aliyoiandikia ni Kiarabu, na mji uliomfanya kuwa Farabi ni Baghdad.

Baghdad ya wakati huo ilikuwa na maktaba, na wafasiri waliokwisha kuvitia vitabu vya Kiyunani katika Kiarabu, na maulamaa wa kila fani. Al-Farabi alisoma mantiki kwa Yuhanna bin Haylan, naye ni Mkristo, wala jambo hilo halikumwonea mtu haya. Sarufi ya Kiarabu aliisoma kwa Ibn al-Sarraj, mmoja wa wakubwa wa nahau, na yasimuliwa kwamba walibadilishana: huyu akimfundisha mwenziwe nahau, na yule akimlipa kwa mantiki. Napenda sana habari hiyo. Watu wawili wazima, kila mmoja ni sheikh katika fani yake, na kila mmoja akakubali kukaa mkekani mbele ya mwenziwe kama mwanafunzi.

Subira yake ya kusoma ilikuwa haina kiasi. Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa watu mashuhuri, aeleza kwamba katika nakala ya kitabu cha Aristotle juu ya nafsi palionekana maandishi ya mkono wa al-Farabi akisema amekisoma kitabu hicho mara 200. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino twajua maana ya kurudia juzuu hadi ulimi ukazoea. Lakini kurudia mara 200 kitabu kisichohifadhiwa kwa moyo bali hufahamiwa kwa akili ni jambo jingine. Kwa kazi ya namna hiyo watu walimpa jina la Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa ni Aristotle mwenyewe. Na Ibn Sina, aliyekuja baada yake, alikiri kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha elimu ya ghaibu mara 40 pasi na kukielewa, hata alipokipata sokoni kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3, ndipo mlango ukafunguka.

Mtu wa namna hii ndiye aliyeombwa kuandika juu ya muziki. Aliyemwomba alikuwa waziri, Abu Jaafar al-Karkhi, aliyehudumu katika zama za Khalifa al-Radi. Al-Farabi mwenyewe aeleza kwamba mwanzo alisita. Alidhani watu wa kale wamekwisha kusema yote, na kuandika tena ni kujitafutia sifa kwa kazi za wengine. Akavichukua vitabu vyao akavipekua kimoja kimoja. Akaona pengo hapa, giza pale, na mahali pengine makosa yaliyo wazi. Hapo ndipo aliposhika kalamu, na kazi yake ikaitwa Kitab al-Musiqa al-Kabir, yaani Kitabu Kikubwa cha Muziki. Na kwa kweli ni kikubwa: chapa yake ya Cairo ya mwaka 1967 yapita kurasa elfu.

Kabla hajafika kwenye uzi na kidole, al-Farabi aweka sharti. Asema kwamba mtu hawi mkamilifu katika elimu yoyote ya nadharia mpaka apate mambo matatu. La kwanza, azijue asili zote za elimu hiyo. La pili, awe na uwezo wa kuzitoa natija katika asili hizo yeye mwenyewe, bila kungojea kuambiwa. La tatu, aweze kuyakabili makosa ya waliomtangulia, ayafumbue, atenge lililo sawa na lililo kombo. Ukiwauliza wanaosimamia wanafunzi wa shahada za juu leo, sidhani watakuwa na la kuongeza.

Kisha akaingia katika swali lililowashinda wengi: je, mjuzi wa nadharia ya muziki ni lazima awe mpigaji? Al-Farabi mwenyewe alikuwa mpigaji wa udi, na aliyemtaja katika historia hakosi kulisema hilo. Angeweza basi kuwatupa nje wote wasiopiga. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba mjuzi aweza kuwa hana mkono wa kupiga, bali hawezi kuwa hana sikio. Akatoa mfano wa Batlamyus, mwanachuoni mkubwa wa falaki, ambaye alikiri kitabuni mwake kwamba sauti nyingi alikuwa hawezi kuzipambanua mwenyewe, na akitaka kuzijaribu alikuwa humwita fundi wa ala amsikilizie. Al-Farabi hakumcheka kwa hilo. Aliona ni heri msomi anayejua upungufu wake akamwendea fundi, kuliko msomi anayekaa na hesabu zake akadhani ndizo sauti.

Akaongeza jambo ambalo wanafalsafa hawakulizoea. Katika muziki, alisema, matendo yametangulia nadharia kwa zama. Watu waliimba na kupiga kwanza, kwa maumbile yao, kwa furaha yao na huzuni yao. Wakazalikana mafundi, na ufundi ukakamilika. Ndipo baadaye akaja mwenye nadharia kutafuta sababu. Basi nadharia haina haki ya kumwamuru fundi apige sauti ambayo hakuna sikio linaloikubali, kwa kuwa tu tarakimu zake zimependeza karatasini. Mimi mtunga mashairi nalifahamu hili kwa upande wangu. Beti yaweza kuwa na mizani kamili, ukaihesabu kwa vidole ukaona haina upungufu, lakini ukiighani yachechemea.

Kwa hukumu hiyo hiyo alivikataa vitu vilivyokuwa vikipendwa. Wafuasi wa Pythagoras walisema kwamba nyota na falaki zikizunguka hutoa sauti zenye kupatana, na muziki wa wanadamu ni mwigo wake. Wengine, na miongoni mwao al-Kindi aliyekuwa kabla yake Baghdad, walizifunga nyuzi nne za udi na tabia nne za mwili na misimu minne ya mwaka. Ni maneno matamu, na mshairi angependa yawe kweli. Al-Farabi alisema wazi kwamba habari ya sauti za falaki ni batili, haithibiti kwa elimu ya maumbile. Muziki wake ulianza chini, hapa duniani, kwenye uzi uliokazwa juu ya ubao.

Na huo uzi aliupima. Chukua uzi mmoja wa udi. Ukiubana katikati, ukapiga nusu iliyobaki, watoa sauti ile ile ila imepanda, kama mtoto anapoimba pamoja na baba yake. Ukibakisha theluthi mbili, yaja sauti nyingine inayopatana na ya kwanza. Ukibakisha robo tatu, yaja nyingine tena. Udi wa siku hizo ulikuwa na nyuzi nne: bam, mathlath, mathna na zir, na kila uzi ulipishana na mwenziwe kwa kipimo hicho cha robo tatu. Shingoni ulifungwa nyuzi ndogo za kuonyesha kila kidole kikae wapi, tofauti na udi wa taarabu yetu ambao shingo yake ni tupu na mpigaji hutegemea sikio lake tu. Kidole cha shahada kilikaa pale panapobakisha sehemu 8 katika 9 za uzi. Al-Farabi akaeleza pia namna ya kutia uzi wa tano ili ala ifike mwisho wa sauti zinazohitajiwa.

Shida ilikuwa ni kidole cha kati. Mahali pake hapakuwa pamoja. Palikuwa na mahali pa kale, palikuwa na mahali pa Waajemi, na palikuwa na mahali pa Zalzal. Huyu Zalzal alikuwa mpiga udi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Kidole chake alikiweka baina ya sauti ya chini na ya juu, mahali ambapo hesabu nyepesi za Wayunani hazikuwa na jina la kupaita. Watu walipapenda, wakapafuata. Sasa mwanachuoni afanyeje? Njia rahisi ilikuwa kusema Zalzal amekosea, kwa kuwa vitabu havimtambui. Al-Farabi alikwenda akapima mahali pale pale, akapata kwamba ukiugawa uzi sehemu 27, kidole cha Zalzal chabakisha 22. Akapaandika kitabuni sawa na mahali pengine pote. Mpenzi wa nyimbo za Misri au za taarabu yetu ya kale, zile sauti ambazo piano haina pa kuzipigia, yuazisikia jamaa zake Zalzal hadi leo.

Hakuishia kwenye udi. Alieleza tunburi ya Baghdad na tunburi ya Khurasani, akaeleza zumari na nai, akaeleza rababu, na ala zinazopigwa nyuzi wazi kama kinubi. Katika tunburi ya Baghdad alivikuta vifungo vya zamani vilivyoitwa vya Kijahilia, vilivyowekwa kwa kuugawa uzi sehemu 40 zilizo sawa. Ukisoma kurasa hizo wamwona mtu amekaa na ala mapajani, kipimo mkononi, karibu yake fundi wa kuziunda. Maana katika kitabu chake kingine, Ihsa al-Ulum, alimozipanga elimu zote, muziki aliutia katika fungu la hisabati, pamoja na jometri, falaki, elimu ya mizani, na elimu iitwayo hiyal, ambayo ni ufundi wa mitambo na vyombo vya hila. Hayo hakuyaona yako mbali mbali. Akaugawa muziki wenyewe sehemu mbili, ya nadharia na ya matendo, akataka zote mbili zisomwe.

Sitaki hapa kuingia katika mzozo wa maulamaa juu ya halali na haramu ya ala. Jambo hilo lina wenyewe. Yatosha kusema kwamba al-Farabi hakuufanya muziki mchezo. Nyimbo alizigawa namna tatu: ya kuburudisha, ya kumpa mtu picha akilini, na ya kuamsha hisia za moyo. Iliyo bora kwake ni ile yenye kukusanya zote tatu, na kwa hiyo sauti ya mwanadamu yenye maneno ya shairi aliiweka juu ya ala zote.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayemtaja al-Farabi hukisimulia. Yasemwa kwamba aliingia katika baraza ya Sayf al-Dawla, amiri wa Halab, amevaa nguo zake za Kituruki, akaenda moja kwa moja akaketi mahali pa amiri. Akajadiliana na maulamaa waliokuwepo hadi wakanyamaza mmoja mmoja. Kisha akatoa mfukoni vipande vya mti, akaviunganisha, akapiga, na barazani kila mtu akacheka. Akavifungua akaviunganisha namna nyingine, akapiga, wote wakalia. Akavibadili mara ya tatu, akapiga, wote wakalala hata bawabu, naye akawaacha akaenda zake. Ibn Khallikan ndiye aliyekieneza, naye aliandika zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Mimi sikiamini. Kisa kinachofanana nacho kimo katika risala ya muziki ya Ikhwan al-Safa, wale ndugu wa Basra wa karne hiyo hiyo, na humo mpigaji hana jina. Nadhani kisa kilikuwa kinatangatanga kikitafuta mwenyewe, kikamkuta al-Farabi.

Jina la ndugu hao wa Basra si geni kwetu. Vijana wa Unguja walipoanzisha chama chao cha taarabu mwaka 1905 walikiita Ikhwani Safaa. Na kabla ya hapo, yasimuliwa, Sayyid Barghash alimpeleka Muhammad bin Ibrahim hadi Cairo kujifunza kanuni, kwa gharama ya serikali. Nami huliwaza jambo hilo mara nyingi: mwanafunzi wa pwani yetu kulipiwa masomo ya muziki ng'ambo, katika karne ya kumi na tisa. Hiyo kanuni nayo Ibn Khallikan asema ni uvumbuzi wa al-Farabi. Al-Farabi mwenyewe hakudai hivyo popote, na mtu aliyeandika kurasa elfu juu ya ala asingesahau kutaja aliyoibuni.

Mwaka 942 Baghdad iliharibika. Majeshi yaligombania mji, na Khalifa al-Muttaqi akakimbia. Al-Farabi, aliyekuwa na umri wa miaka sabini hivi, akatoka kwenda Sham. Kitabu chake cha siasa, cha mji ulio mwema, alikwisha kukianza Baghdad. Akakichukua njiani na kukimaliza Dameski mwaka uliofuata. Mara moja alisafiri hadi Misri akarudi. Yasimuliwa kwamba huko Dameski alikuwa akiangalia bustani, na usiku akisoma kwa mwanga wa taa ya mlinzi. Sayf al-Dawla alimheshimu, na baraza yake ilikuwa na watu wakubwa, akiwemo mshairi al-Mutanabbi aliyeondoka na sifa na mali. Al-Farabi hakutaka zaidi ya dirhamu 4 kwa siku. Alikuwa hana mke aliyetajwa wala nyumba iliyotajwa. Alipenda kukaa penye maji na miti, na humo ndimo alimoandika, karatasi moja hapa na nyingine pale, na kwa sababu hiyo baadhi ya maandishi yake yametufikia vipande vipande.

Alifariki Dameski mwezi wa Rajab mwaka 339 wa Hijria, yaani mwishoni mwa 950 au mwanzoni mwa 951. Sayf al-Dawla mwenyewe alimsalia, pamoja na wachache katika watu wake wa karibu, akazikwa nje ya Bab al-Saghir. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Vitabu vyake vilisafiri zaidi kuliko yeye. Ihsa al-Ulum ilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya kumi na mbili, na katika karne ya kumi na tatu mtawa mmoja wa Paris, Jerome wa Moravia, alipowaandikia watu wake kitabu cha muziki, alimtaja al-Farabi miongoni mwa waalimu. Lakini Kitabu Kikubwa chenyewe Ulaya haikukipata wakati huo. Walipata mpango wa elimu, hawakupata kipimo cha uzi. Kilibaki kwa Waislamu, na aliyekuja kukiendeleza kwa nguvu ni Safi al-Din al-Urmawi, mpiga udi na mwandishi wa khati aliyeishi Baghdad ilipoanguka mikononi mwa Wamongoli mwaka 1258. Baada ya hapo kilikaa kimya katika maktaba hadi Baron d'Erlanger, tajiri mmoja aliyehamia Sidi Bou Said nchini Tunisia, alipokifasiri kwa Kifaransa. Juzuu ya kwanza ilitoka Paris mwaka 1930, na ya pili mwaka 1935, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Na hicho kilichofasiriwa ni nusu tu. Al-Farabi asema katika dibaji kwamba aliandika vitabu viwili: cha kwanza ni hiki, na cha pili ni cha kuyachambua maneno ya watu wa kale mmoja mmoja, aonyeshe walipopatia na walipokosea. Ndilo lile sharti lake la tatu, alilitimiza. Kitabu hicho cha pili hakijaonekana.